Miguu ya Mama Mkwe Juu ya Tishari

Kuna watu wanaamini hewa ni ya bure. Hao hawajawahi kulala chini ya tishari. Chini kule kila pumzi ina mtu aliyeileta, na mtu wangu mimi ni mke wangu. Yeye anakaa juu kando ya mashine, mimi niko chini tumboni mwa chombo nakwangua ukoga, na kati yetu kuna mpira mrefu wa manjano na kamba moja. Majirani zetu wa Igoma wanatutania kwamba hii ndiyo ndoa pekee mjini ambayo mume akinuna mke anamzimia hewa. Mimi nacheka. Mke wangu yeye huwa hachekagi.

Kazi yetu ni kusafisha matumbo ya vyombo. Boti ikikaa majini muda mrefu, sehemu isiyoonekana inaota ukoga wa kijani, konokono wanajibandika, mizizi ya magugu maji inajisokota kwenye propela. Chombo kinakuwa kizito, kinakunywa mafuta, na mwenye chombo anaanza kumshuku nahodha wake wizi. Kukivuta nchi kavu ni shughuli pevu, kwa hiyo wanatuita sisi. Nazama na kikwangulio na brashi ya waya, nasugua mpaka chuma kionekane. Wapagazi wa gatini wanaiita kazi ya kuitawaza meli. Watu wanasema ukiona vyaelea vimeundwa, hakuna anayesema kwamba vimekwanguliwa pia, lakini nimeshazoea.

Ninachokiogopa ni tishari. Boti ya kawaida tumbo lake limechongoka. Ukichoka unasogea pembeni kidogo, unaibuka, basi. Tishari ni sinia la chuma, pana na bapa, limetengenezwa kubeba mchanga na mawe kutoka visiwani. Ukiwa katikati yake huna juu. Juu ni chuma, chini ni tope, na pale gatini kwetu maji ni haba, hivyo unapita katikati umelala, ama kifudifudi ama chali. Unaona mpaka mwisho wa mkono wako, na huo mkono wenyewe ni wa kijani. Mapovu ya pumzi yako yanabingirika kwenye chuma yakitafuta ukingo wa kutokea, na kila mara yanaupata kabla yako. Nimeifanya kazi hii miaka, na bado kila nikiingia chini ya tishari moyo unaniuliza, wewe, umefuata nini huku? Naujibu kwamba sijui kazi nyingine.

Kompresa yetu ya kwanza, yaani mashine ya kusukuma hewa, niliipata kwa fundi wa matairi. Ilikuwa ya kutumia oili, na oili ile niliipumua. Nikitoka majini mate yangu yana ladha ya gereji na kifua kinabana siku nzima. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kukaa juu anampelekea mume wake sumu halafu aitwe msaidizi. Akauliza huku na huku mpaka akajua kuna kompresa zisizotiwa oili, tukatafuta hiyo, pamoja na kichujio chake, na akajifunza kukifungua na kukisafisha mwenyewe. Lakini hata hiyo inaendeshwa na injini ndogo ya petroli, na injini ya petroli ina ekzosi, na ekzosi inatoa moshi. Moshi ule ukiingia kwenye hewa ya mtu aliye chini haumkabi. Unamlewesha. Kichwa kinauma, miguu inalegea, akili inapata furaha ya kijinga, halafu usingizi. Ukisinzia chini ya tishari ndiyo imetoka hiyo.

Kwa hiyo mdomo wa bomba la kuvutia hewa tunaufunga juu ya ufito mrefu, mbali na injini, upande unakotoka upepo. Kwenye ncha ya ufito mke wangu alifunga kipande cha kitenge chake cha zamani. Huku kwetu asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda unasimama, hewa inatulia tuli, halafu unageuka na kuanza kuja kutoka ziwani. Sheria yetu ni moja: kitambaa kikilala, mimi natoka. Tunahamisha ufito, tunageuza mashine, tunakunywa chai, narudi. Hajawahi kuniacha chini upepo ukigeuka, hata nikilalamika kwamba nimebakiza kipande kidogo tu.

Na kuna kamba. Akivuta mara moja ananiuliza vipi, nami nikivuta mara moja namwambia salama. Na mimi nikianza, ni hivyo hivyo. Akivuta mfululizo, toka sasa hivi, acha kila kitu. Halafu kuna jambo la mwisho ambalo alilianzisha mwenyewe: nikiibuka, kabla ya lolote, lazima niseme neno. Neno lolote, hata tusi. Anataka asikie kama akili yangu iko mahali pake. Nisiposema, sirudi chini.

Sasa kuhusu mama mkwe. Mimi nilizaliwa upande wa Majita, na nilivyolelewa, mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya kuliko askofu. Humpi mkono. Huli mbele yake. Ukimwona anakuja njiani unaingia vichakani mpaka apite, hata kama vichaka vyenyewe vina upupu. Na mwili wako, kuanzia shingoni kwenda chini, bora uonwe na simba. Mke wangu ni Mhaya wa Kagera, familia yao ni Walutheri, na kwao mambo ya mkwe hayakazwi hivyo. Lakini mama yake alipojua mimi ni wa wapi aliamua kuiheshimu mila yangu kunizidi mimi mwenyewe. Siku ya harusi alikaa kanisani nyuma ya nguzo ibada nzima ili tusigongane macho.

Kwenye simu ni mtu mwingine kabisa. Kwenye simu tunataniana. Ananiuliza kama samaki wameshanizoea, mimi namuuliza kama ndizi za huko bado zina wivu na ugali. Lakini ana kwa ana uso wake siujui vizuri. Najua miguu yake. Ukimwinamishia mtu macho miaka yote hiyo, unachojifunza ni miguu. Yake ni mipana, kidole gumba cha kushoto kimepinda kuwafuata wenzake, na huvaa viatu vya plastiki vya kijani vya kufunga kisiginoni.

Alikuja Mwanza kutibiwa macho, akafikia kwa mwanawe mwingine anayekaa Mirongo. Akanipigia. "Baba, watu wa kwetu wanasema mwanangu anakulisha hewa. Nimesikia wanaume wanaolishwa wali, wanaolishwa ugali. Huyu wa kulishwa hewa nataka nimwone."

"Karibu mama," nikasema, "tutakupangia siku." Siku niliyokuwa naifikiria mimi ni Jumapili, nimevaa shati, mashine imezimwa, na mimi nimekaa kwa adabu upande wa pili wa gati nikitazama chini. Yeye akaja siku ya kazi.

Asubuhi ile nilikuwa chini ya tishari la mchanga lililofungwa ubavuni mwa gati. Suruali na shati langu nilikuwa nimevining'iniza kwenye tairi la kukinga ubavu wa tishari, upande wa ziwani, kule wapagazi hawafiki, kwa sababu gatini pale nguo za watu zina miguu. Maji yetu si ya baridi, nazamia na kaptula. Na kaptula yenyewe, nilipokuwa najisukuma chali kuelekea katikati, ilinasa kwenye jino la welding na kuchanika. Ilichanika nyuma, kutoka mshipi mpaka chini. Mbele nilikuwa nimevaa, nyuma sikuwa nimevaa. Nikacheka peke yangu, mpira mdomoni, nikaendelea na kazi. Nani wa kuniona, konokono?

Yaliyokuwa yanatokea juu nilisimuliwa baadaye na mke wangu, na sehemu nyingine nilisimuliwa na mama mwenyewe, kwa simu.

Mama mkwe alipanda tishari kutokea gatini. Mke wangu akapiga magoti juu ya chuma cha moto, kamba ikiwa mkononi, akamwamkia. Akampisha kiti chake cha plastiki na mwavuli mkubwa tunaoufunga kujikinga na jua. Mama akakaa, akatazama mashine, akatazama maji, akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Mke wangu akaonyesha chini, kwenye chuma. "Yuko hapo tulipo." Mama akainua miguu yake yote miwili hewani, akaikunja, maana aliona ananikanyaga. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaishusha polepole.

Upepo ulikuwa umesimama. Kitambaa kilikuwa kimelala. Moshi wa injini ulikuwa unazunguka tu pale pale, na ukaanza kumwingia mama machoni, macho ambayo bado yalikuwa na dawa. Akakohoa, akayafunika kwa ukingo wa kitenge. Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Mgeni hafukizwi moshi, tena mgeni mwenyewe ni aliyekuzaa. Mashine yetu imekaa juu ya ubao wenye vigurudumu. Mke wangu akausukuma ubao kwa mguu, kamba hajaiachia, ekzosi ikageuka ikamwacha mama, ikautazama ufito.

Alijua. Hilo aliniambia bila kupepesa. Aliona kitambaa kimelala, na alijua kitambaa kikilala mimi natoka. Lakini amtoeje mume na kaptula peke yake, kifua wazi, mbele ya mama mkwe wake aliyekaa nyuma ya nguzo siku ya harusi? Na amwambieje mama, ambaye ndiyo kwanza amepewa kiti, ainuke aondoke? Alikuwa anatafuta maneno. "Nilikuwa nayapata," aliniambia, "halafu nikiyaonja naona hayafai."

Huku chini, mimi kwanza nilidhani nimeuma mpira kwa nguvu kupita kiasi. Panja zilikuwa zinagonga. Nikaendelea kukwangua. Halafu nikasikia ladha. Si ladha ya oili, ile naijua. Hii ilikuwa ya stendi, ya gari linalounguruma limesimama. Nikavuta kamba mara moja. Jibu likaja mara moja: salama. Nikajiuliza, salama ya nani? Maana mke wangu hakujibu kwa kufikiri. Kwa mkono wake wa kulia alikuwa akimmiminia mama chai kutoka kwenye chupa, na wa kushoto ulinijibu wenyewe kwa mazoea.

Nikaamua kutoka. Hiyo si kazi ya kufikiri, unaufuata mpira ulikotoka, chuma juu ya pua yako, tope mgongoni, mpaka kijani kigeuke kuwa cheupe. Nikafika ukingoni, upande wa gati, kwenye kivuli cha tairi. Nikatoa kichwa mpaka kwenye kidevu. Nikauchomoa mpira mdomoni niseme neno langu.

Juu kidogo ya macho yangu, karibu kiasi cha kugusa, kulikuwa na viatu vya plastiki vya kijani. Kidole gumba cha kushoto kimepinda.

Neno moja tu lingetosha. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, anakoroga chai ipoe, angegeuka. Nilikuwa na hewa safi puani, ziwa zima la hewa, na sikuivuta hata pumzi mbili. Nilichokihisi ni mgongo wangu. Nyuma yangu wazi kuanzia mshipini, na ili nitoke kwenye maji yale ni lazima nipande, na kupanda ni lazima mtu ageuke. Nikaurudisha mpira mdomoni nikazama.

Na nilikuwa na mpango. Naomba msinicheke, au chekeni tu. Mpango ulikuwa nipite chini ya tishari lote mpaka upande wa ziwani, niibuke kwenye suruali yangu, nivae, nifunge vifungo, nije juu kwa miguu yangu nimwamkie mama macho chini. Niliona ni mpango safi sana. Nilijisifu. Moshi ule unakupa akili ya mlevi anayeamini ndiye dereva mzuri kuliko wote baa nzima.

Mpira wetu haufiki ng'ambo. Hiyo naijua kama ninavyojua jina langu. Tukitaka kusafisha nusu ya pili tunahamisha mashine. Siku ile sikuijua. Nilijivuta chali, mikono kwenye chuma, nikahesabu viungo vya mabati, nikasahau hesabu, nikaanza tena. Nilipofika katikati mpira ukakaza. Nusura uninyofoe meno. Nikauvuta, ukanivuta. Nikajaribu kwenda kulia, kisha kushoto, na kila upande chuma kilikuwa kile kile, na sikujua tena gati iko wapi na ziwa liko wapi. Nikaweka viganja juu nikasukuma. Nilikuwa najaribu kuliinua tishari la mchanga. Moyo ulikuwa unakimbia, na kadiri ulivyokimbia ndivyo nilivyovuta zaidi, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyomeza zaidi kile kilichokuwa kinaniua. Hewa ya mpira ndiyo peke yake niliyokuwa nayo, na ndiyo hiyo yenye sumu.

Halafu woga ukaondoka. Huo ndio wakati ninaouogopa mpaka leo, kuliko woga wenyewe. Tope likawa laini. Nikasema nipumzike kidogo. Mapovu yangu yalikuwa yanabingirika kwenda upande fulani, na nikawaza ningeyafuata, nikaona uvivu. Wazo la mwisho ninalolikumbuka halikuwa la mke wangu wala la Mungu. Niliwaza: watanitoa hivi hivi, na kaptula hii.

Juu, mama mkwe alikuwa ameniona. Aliona kichwa kimetoka kwenye kivuli cha tairi, na hapo hapo akageuza uso kutazama ziwani, akavuta kitenge mpaka usoni. Alifanya kama ningefanya mimi, kama ningekuwa yeye. Akaendelea kunyamaza. Akanywa chai. Upepo ukaamka, safari hii kutoka ziwani, kitambaa kikainuka na kunyooka kuelekea nchi kavu, na moshi wote ukashika njia ya ufito.

Mama anasema kilichomsumbua ni kwamba sikusikika. Alitegemea kusikia maji upande mwingine, mtu akipanda pale asipoonekana. Hakusikia. Akazungusha kikombe mkononi, kisha akauliza kwa Kihaya, kwa sauti ya kuuliza jambo la kawaida, "Hivi huyu wako huwa anapanda na kushuka bila kusema?"

"Nani amepanda?" mke wangu akauliza.

Mama akanyoosha kidole kwenye tairi, uso bado ziwani.

Mke wangu akageuka. Alikiona kitambaa, akauona moshi. Akavuta kamba mfululizo, na kamba haikujibu. Akaung'oa ufito ulipofungwa, akamtia mama yake mkononi. "Shika hivi. Uelekeze ziwani. Usiushushe, hata nikichelewa." Akaufuata mpira ndani ya maji, na gauni lake, na viatu.

Kwa hiyo yule mama aliyekuja kuona mtu akilishwa hewa alisimama kwenye ukingo wa tishari, macho yanatiririka dawa, ameushika ufito kwa mikono miwili juu ya ziwa, na hewa niliyovuta baada ya hapo yeye ndiye aliyenipa. Mke wangu alinikuta chali. Anasema nilikuwa bado nauma mpira, na kifua kinapanda. Akanivuta kwa mguu mpaka ukingoni. Pale ndipo aliposhindwa, maana ukingo wa tishari uko juu na mtu aliyelegea ni mzito. Akapiga kelele. Mama akatupa ufito, akalala kifudifudi juu ya chuma, akaingiza mikono chini ya makwapa yangu, akanivuta.

Mikono ile naikumbuka. Sikumbuki jua wala sikumbuki kutapika, nasikia nilitapika sana. Nakumbuka mikono miwili mikavu, ya jembe, chini ya makwapa yangu, na ndani ya ulevi wangu nikajua ni ya nani, nikajaribu kujirudisha majini. Mke wangu anasema nilipiga teke kweli kweli. Walinilaza kifudifudi. Halafu mama akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanifunika kuanzia kiunoni, akachomeka pande zote mbili kama anavyolazwa mtoto.

Hospitali waliniwekea hewa ya mtungi usoni, wakaniambia nivute tu, nisiongee. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Chini ya pazia la mlango, mahali pazia lisipofika sakafuni, niliona viatu vya plastiki vya kijani. Hakuingia. Alikaa pale kwenye korido mpaka jioni, na mimi nikalala nikivitazama. Wazee wa kwetu waliposikia habari wakauliza kwanza habari za mbuzi wa kusafisha aibu, kichwa changu wakakiulizia baadaye.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia mke wangu wiki nzima, naye akaniacha nikasirike, hakujitetea. Alikuwa anaamka usiku anaweka kiganja puani kwangu. Kisha nikamkasirikia mama, na hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu mama mkwe hakasirikiwi. Alikuwa amesharudi kwao. Nikampigia simu. Tukaulizana hali, tukaulizana mvua. Halafu nikauliza.

"Mama, uliponiona mara ya kwanza. Mbona hukumwambia?"

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Nilikuwa nakusitiri, mwanangu," akasema. "Na wewe mbona ulirudi chini?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia anapumua, naye nadhani alinisikia. Wanasema heshima si utumwa, na labda ni kweli kwa watu wa nchi kavu.

Siku hizi mke wangu hapokei mgeni nikiwa chini. Mtu akija, awe mwenye chombo, awe mchungaji, anasimama gatini juani mpaka niibuke niseme neno langu. Mama alikuja tena mwaka uliofuata, akasimama mbali na wengine, na binti yake hakugeuza hata shingo. Ndivyo alivyotaka mama mwenyewe.

Na mimi, watu wanadhani nilijifunza kitu. Wanadhani kesho nikiviona viatu vile kwenye ukingo wa tishari nitatoka nilivyo, wazi mgongo, nivute hewa yangu. Mimi sijui. Kila nikiibuka, kabla sijavuta pumzi, jicho linatafuta miguu kwanza, na nimejaribu kulikataza.

Nilichofanya ni kubadili nguo. Tangu siku ile nazamia na suruali ndefu na shati la mikono mirefu, nimefunga vifungo mpaka shingoni. Maji yanajaa mikononi, suruali inashika tope, na chini ya tishari najivuta kwa shida mara mbili. Mke wangu hazipendi hata kidogo. Juzi wakati ananikagua mpira alishika ukosi wa shati akasema nguo hizi zitanasa mahali siku moja, zitaniua. Nikamwambia ni kweli, lakini angalau mtanitoa nimevaa.